Kitambaa kinapokosa jua

Msichana wa Unguja au Pemba akivunja ungo haanzi mikono mitupu. Chuoni, anakosoma Kurani, ameshasomeshwa hedhi: uchache wake mchana na usiku wake, wingi wake siku 15, ikizidi hapo ni istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, ajikoshe, ajihifadhi, asali. Kwa hiyo nikisikia watu wanasema wanafunzi wetu hawana elimu ya hedhi, huwa nasita. Elimu wanayo, ila ni ya twahara, usafi wa ibada. Ya mwili ndiyo iliyopungua.

Upungufu huo nimeuona kwa macho yangu katika dakhalia moja, bweni la wanafunzi. Kambani zimetandwa kanga mbili, na chini yake vitambaa vya hedhi vimefichwa visionwe na mtu. Ni masika, hewa nzito, siku mbili havijakauka. Msichana mwenye vitambaa hivyo akakichukua kimoja, akakinusa, akaona hakina najisi, akakivaa kibichi. Kitambaa ni twahara kweli, lakini unyevu ule ndio unaolea fangasi. Na wapo wanaojikosha mpaka ndani kwa sabuni wakidhani ndio usafi, kumbe uke hujisafisha wenyewe, na sabuni huua vijidudu vinavyoulinda. Mwasho ukianza, wanazidisha sabuni.

Wapo wanaosema tuwape kwanza maji na pedi, mafunzo yatafuata. Hesabu iko upande wao. Pedi hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 8. Ukichukua saa 6, siku 5 zinataka pedi 20. Pakiti ya pedi 8 imekwisha siku ya pili. Mwanafunzi anayezijua saa hizo na ana pakiti moja tu, kujua kwake kunamzidishia dhiki. Tena akienda chooni akakuta mfereji hautoi maji, atabadilisha vipi?

Naikubali hoja hii, tena sana. Ila unafuu wa bei nao haufiki kirahisi. Bara, bajeti ya 2018 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike. Bei dukani haikushuka kama ilivyotarajiwa, na 2019 msamaha ukafutwa.

Basi wengi watabaki na kitambaa, na kitambaa si kibaya. Kikifuliwa kwa sabuni na maji safi kikakauka juani, ni salama. Kinachokinyima jua ni haya, na kwa hilo simlaumu msichana, ndivyo alivyolelewa. Zamani alikuwa na somo wake, mwanamke aliyemfunza mambo ya utu uzima, wa kumuuliza; leo anaiuliza simu, usiku, chini ya shuka.

Mwalimu wa chuoni anayemfundisha kukoga hedhi ikikatika anaweza kuongeza habari ya jua na fangasi katika darsa hilo hilo. Anasikilizwa, na kuuliza mbele yake si aibu. Msimamizi wa dakhalia naye azungushe ua wa makuti nyuma ya vyoo, juu uwe wazi, afunge kamba mbili. Humo kitambaa kitasitirika, na jua la saa sita kitalipata.