Livu ya Bustani

Barua yenyewe ilikuwa nzuri mno, ndiyo iliyoniponza. Afisa utumishi alinipa kwanza soda baridi, kisha bahasha, kisha mkono, akanambia, "Tumeona upumzike." Nikashtuka kidogo, maana kwetu Unguja aliyepumzika husomewa hitma. Lakini yeye alikuwa anatabasamu.

Nilikuwa mtu wa bukingi kwenye hoteli moja ya Nungwi. Mwezi wa nne, masika imeshika, vyumba vitupu, bwawani wanakoga kunguru peke yao. Meneja mpya, Mwingereza, alikwishaanza habari za dausaizi. Neno hilo Wamarekani walilitumia kwa magari miaka ya 1970, mafuta yalipopanda bei wakaanza kuunda madogo. Baadaye wakahamia kwa watu. Mie nilidhani ni mambo ya vitanda.

Barua ikasema hoteli inanitakia kheri katika safari yangu mpya, na kwamba kwa siku 30, kwa mshahara kamili, nitakuwa kwenye "gadeni livu". Nikaisoma mara tatu ndani ya daladala, gari ya 116. Safari sikuielewa, tiketi haikuwemo. Bustani niliielewa vizuri: masika iliyopita watu wa mapokezi tulipewa brashi tukapaka rangi vitanda vya ufukweni. Basi mwaka huu zamu ya maua. Mshahara si umo?

Tatizo jembe. Sisi tunakaa maghorofa ya Michenzani, yale yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, na mimi niko juu kabisa. Nikaenda Mwera kwa mjomba kuazima.

Jumatatu alfajiri nikapanda gari nalo. Utingo akalitazama shati langu jeupe la kazi, akalitazama jembe. "Hilo nalo litalipa siti." Mjini hadi Nungwi ni zaidi ya kilomita 50, na kila tuta mpini ulimgonga bibi aliyekaa mbele yangu. Mpaka Mahonda alikuwa akisema "Astaghfirullah" kwa upole. Tulipofika Mkwajuni upole ulikuwa umeshakwisha.

Getini mlinzi aliponiona macho akayapeleka baharini. Alikuwa anajua, nilikuja kufahamu baadaye. "Ah... pita tu, yakhe."

Nimeshapalilia nusu ya njia ya bwawa, jasho linanitiririka, mzee wa bustani akatokea na mpira wa maji.

"Shikamoo mzee."

Hakuitikia. Akalitazama jembe.

"Mwanangu, mie nimekosa nini hapa?"

Akautupa mpira, akaenda ofisini kushitaki kwamba kijana wa bukingi kampora kazi.

Afisa utumishi akaja mbio, visigino vinazama kwenye udongo wa mvua. "Hukutakiwa kuja! Bustani ni ya kwako wewe. Ya nyumbani."

"Nyumbani Michenzani, dada, ghorofa ya juu."

"Ni msemo tu."

Akanieleza. Kumbe Uingereza mtu akishapewa notisi hulipwa akae kwake apalilie maua yake, asije akaondoka na wateja na siri za kampuni akazipeleka kwa jirani. Siri niliyokuwa nayo ni moja, kwamba chumba namba saba kinavuja, na hiyo hata wageni walikuwa nayo.

"Notisi? Kwani naondoka?"

Dada wa watu akameza mate. "Kampuni imeamua kukupa uhuru wa kutafuta fursa..."

Mzee akashindwa kuvumilia. "Mwanangu, umefukuzwa! Unga ushamwagika!"

Kimya. Afisa utumishi aliinamisha kichwa kama mtu aliyesikia tusi mbele ya wakwe. Mzee naye, alipotambua kwamba kazi yake iko salama, uso ukamfunguka, akanipa mkono.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Wakati wa kuondoka akanichimbulia mche wa mrehani, akautia kwenye kopo la rangi, angalau niwe na bustani. Nikarudi mjini, mkono huu jembe, mkono huu kopo. Kwa bahati yule bibi hakuwemo garini.

"Kazini vipi?" mama akauliza.

Nikakumbuka wale wakubwa wanaotajwa redioni. "Nimepangiwa kazi nyengine, mama."

"Alhamdulillahi. Na hilo jembe?"

Nikalitua kopo dirishani, nikaenda kutafuta maji ya kumwagilia.