Quanzhou: mlipe mtu wa kukusomea mawe

Mwaka 1225 ofisa wa forodha wa bandari ya Quanzhou, Zhao Rugua, aliandika kitabu kuhusu nchi za ng'ambo zilizofanya biashara na China. Mwenyewe hakusafiri. Alikaa bandarini akawauliza wafanyabiashara waliokuja na marikebu zao. Humo imo nchi aliyoiita Cengba, ambayo wanahistoria wanaitambua kuwa pwani ya Zanj, yaani huku kwetu. Anasema watu wake wanafuata dini ya Waarabu, wanajifunga nguo za pamba za buluu, wanavaa viatu vya ngozi nyekundu, na wanauza pembe za ndovu, dhahabu na ambari. Ofisi ya forodha ya Quanzhou ilianzishwa mwaka 1087, na wanaakiolojia wameifukua misingi yake miaka ya karibuni. Leo hapo kuna mawe na mabaki ya sakafu tu, ndiyo maana ziara nyingi zinapapita.

Hapo ndipo ubishi wangu unapoanza. Quanzhou, mji wa kale ulioko mkoa wa Fujian, kusini-mashariki mwa China, unauzwa kwa mahekalu na vyakula vya barabarani, lakini thamani yake kubwa iko kwenye maandishi: ya Kichina, Kiarabu na lugha nyingine, yaliyochongwa kwenye mawe. Ukienda peke yako utaona ukuta, lango na kaburi. Mwongoza watalii wa binafsi unamlipa akusomee. Kama kazi yake itakuwa kukushikia mwavuli na kukupiga picha, fedha hiyo kalie chakula kizuri.

UNESCO iliusajili mji huu kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2021 kwa maeneo 22 ya enzi za Song na Yuan, nasaba zilizotawala China kuanzia karne ya 10 hadi ya 14, kuanzia tanuri za kaure za Dehua kule milimani hadi magati ya baharini. Wakala atakayekuambia kwamba atakuonyesha yote kwa siku mbili anakuuzia safari ya gari. Chukua saba au nane. Siku ya kwanza tembea kwa miguu katikati ya mji, siku ya pili chukua gari uende upande wa mashariki.

Kwanza, namna ya kumpata mtu. Sheria ya utalii ya China ya 2013 inataka mwongoza watalii apangiwe kazi na wakala wa safari; haruhusiwi kujitafutia wateja kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo kijana atakayekufuata mlangoni mwa hekalu akinong'ona bei, muage kwa heshima. Aliyesajiliwa ana kibali cha kielektroniki chenye msimbo wa kuskani. Mwombe akuonyeshe kabla hujatoa malipo ya awali. Sheria hiyohiyo inakataza ziara za bei ya kutupa ambazo wakala hujirudishia fedha kwa kamisheni za madukani. Hata hivyo hakikisha makubaliano yenu yanataja kwa maandishi kwamba hakuna kusimama duka la chai wala la kaure, saa za kuanza na kumaliza, nani analipia tiketi, na kama gari na dereva wamo ndani ya bei.

Kosa linalowaumiza wengi ni kukodi kutoka Xiamen, mji wa kitalii ulio karibu nusu saa kwa treni ya kasi. Waongozaji wanaosema Kiingereza ni wengi zaidi kule, na mara nyingi anayeletwa anaijua Xiamen vizuri huku Quanzhou akisoma vibao sawa na wewe. Mpime kwa ujumbe kabla ya kulipa. Muulize hivi: msikiti wa barabara ya Tumen unaitwa nani kwa mujibu wa jiwe la langoni? Akijibu "Qingjing" tu, endelea kutafuta. Jiwe linasema ni msikiti wa Ashab. Jina la Qingjing lilishikamana nao baadaye, na wapo watafiti wanaoona kwamba lilikuwa la msikiti mwingine wa mji huohuo. Anayelijua hilo ameusoma mji.

Mambo madogo yanayoharibu siku ni haya. Tangu mwaka 2023 kuna stesheni kadhaa za treni ya kasi zenye jina la mji: Quanzhou yenyewe, Quanzhou Dong na Quanzhou Nan, na ziko mbali mbali, mtumie mwenyeji wako picha ya tiketi, usimtajie jina kwa mdomo. Makumbusho nyingi za China hufungwa Jumatatu, na baadhi zinataka uandikishe pasipoti mapema. Malipo ni kwa simu kila mahali. Kadi ya Visa au Mastercard unaweza kuiunganisha na Alipay au WeChat, lakini fanya hivyo ukiwa bado nyumbani, kwa sababu ujumbe wa uthibitisho wa benki huja kwenye laini yako ya kila siku. Epuka Julai hadi Septemba: ni joto la kuchosha na ni msimu wa vimbunga. Oktoba hadi Desemba ndiyo miezi ya kutembea.

Siku ya kwanza anzia msikitini, asubuhi, kabla makundi hayajafika. Lango ni refu, la mawe yaliyochongwa, lenye matao yanayofuatana moja ndani ya jingine. Inua macho uone dari iliyokatwa vishimo vishimo kama sega la nyuki. Pita ndani kisha geuka nyuma. Ukutani, upande wa ndani wa lango, kuna maandishi ya Kiarabu yanayoeleza kwamba msikiti ulijengwa mwaka 400 wa Hijria, sawa na 1009 hadi 1010, na kwamba miaka mia tatu baadaye, mwaka 710 wa Hijria, Ahmad bin Muhammad wa Shiraz aliukarabati. Neno hilo, Shiraz, halihitaji maelezo kwa mtu wa Kilwa au Unguja. Na hapa jambo linageuka: msomaji wetu aliyepita chuoni akajifunza Kurani anaweza kuzifuata herufi hizi kwa kidole, wakati mwongozaji wake Mchina mara nyingi hawezi. Mwachie akusomee jiwe la mwaka 1407, ambalo lina amri ya mfalme Yongle ya kuwalinda Waislamu, nawe umsomee la Kiarabu. Ukumbi mkubwa wa sala hauna paa tena. Zimebaki kuta za mawe na mihrabu yenye aya. Kuna ukumbi mdogo unaoswaliwa hadi leo, basi vaa kwa stara na ulizia saa za sala.

Kutoka hapo nenda kwenye misingi ya forodha, halafu hekalu la Tianhou, lililoanzishwa mwaka 1196 kwa ajili ya Mazu, anayeombwa na mabaharia. Nusu saa inatosha kwa kila mahali.

Mchana uwe wa Kaiyuan, na hapa usikubali kuharakishwa. Hekalu lilianzishwa mwaka 686. Minara yake miwili ya mawe, yenye ghorofa tano na pembe nane, ilijengwa kati ya 1228 na 1250. Wa mashariki una zaidi ya mita 48, wa magharibi karibu mita 45. Tetemeko kubwa la mwaka 1604 liliikuta imesimama wala halikuiangusha. Watu wengi wanapiga picha za minara na kuondoka. Wewe zunguka nyuma ya jumba kuu. Kuna nguzo mbili za jiwe la kijanikijani, na juu yake, ndani ya viduara, zimechongwa picha za Krishna na Vishnu. Ni mabaki ya hekalu la Kihindu la enzi ya Yuan, yaliyochukuliwa kujengea jumba la Kibudha zama za Ming, nasaba iliyofuata Yuan. Kisha rudi mbele uiname kutazama chini ya jukwaa: simba wenye nyuso za watu wamejipanga ukingoni, kazi ya mafundi wa hekalu hilohilo. Mwongozaji asipokuambia uiname, utatoka bila kuwaona.

Ndani ya eneo hilo la Kaiyuan kuna jumba la marikebu, na hilo nalo hurukwa, kwa hiyo liandike kwenye makubaliano. Humo kuna mabaki ya marikebu ya mwisho wa enzi ya Song iliyofukuliwa mwaka 1974 kwenye tope la ghuba ya Quanzhou. Kilichobaki kina urefu wa mita 24 na upana wa mita 9, na tumbo lake limegawanywa vyumba 13 kwa kuta za mbao, ili maji yakiingia chumba kimoja visijae vyote. Ilikuwa imebeba miti ya manukato kwa wingi, pilipili manga, kauri, ubani na ambari. Sarafu ya karibuni zaidi kati ya zile zilizokutwa ndani ni ya mwaka 1271. Soma tena orodha ya Zhao Rugua hapo juu, halafu simama mbele ya mbao hizo.

Siku ya pili anzia Makumbusho ya Historia ya Safari za Bahari, kwenye ukumbi wa mawe ya dini. Mawe ya makaburi ya Waislamu, Wakristo na Wahindu yamepangwa pamoja. Yamefikaje hapo? Kati ya mwaka 1357 na 1366 mji ulikumbwa na uasi wa askari wenye asili ya Uajemi, na ulipozimwa jamii ya wafanyabiashara wa kigeni ikasambaratika. Mawe ya makaburi yao yakawa mali ya kujengea. Kuta za mji zilipobomolewa karne ya 20, yakaanza kutoka humo moja moja, na mwalimu Wu Wenliang akajitolea kuyakusanya kwa miaka mingi. Kitabu chake juu ya mawe hayo kilitoka mwaka 1957. Angalia kingo zilizomeguka na herufi zilizokatwa katikati: ndipo mwashi alipolikata jiwe lienee ukutani.

Karibu na hapo kuna kilima cha Lingshan chenye makaburi mawili. Utaambiwa kwamba waliolala hapo ni masahaba wa Mtume. Hapa ndipo swali moja linapokufaa kuliko yote: imeandikwa wapi? Mwongozaji mzuri atakuambia kwamba hiyo ni simulizi, na kwamba maandishi ya Kiarabu yaliyopo pale ni ya mwaka 722 wa Hijria, karne nyingi baada ya wakati huo. Swali hilo lipeleke pia kijiji cha Xunpu, ambako kuta za nyumba zimejengwa kwa makombe ya chaza na wasichana wanasukwa maua kichwani. Huko utasikia kwamba makombe yaliletwa kama farumi kwenye marikebu zilizorudi tupu kutoka mbali, wengine wakitaja Afrika. Ni hadithi nzuri. Ibaki hadithi mpaka mtu akuonyeshe ushahidi. Na kama unataka maua, tenga siku nyingine, maana foleni ya kusukwa na kupigwa picha itakula nusu siku nzima.

Lakini Lingshan kuna jiwe lisilo na ubishi, na ndilo lingenifanya nimlipe msomaji hata kama hakuna kingine. Linasema kwamba Zheng He, amiri wa marikebu za mfalme Yongle, akiwa njiani kwenda Hormuz na nchi nyingine, alichoma ubani hapo siku ya 16 ya mwezi wa tano, mwaka wa 15 wa Yongle, yaani 1417, akiomba baraka. Hiyo ndiyo safari yake ya tano, na merikebu zake zilifika Mogadishu na Barawa. Ni mistari michache tu. Mwombe akutafsirie neno kwa neno, asifupishe.

Ibn Battuta naye, yule msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuja hapa baadaye na kuuita mji Zaituni, akaeleza kwamba jina ni jina tu, zeituni hazipo. Jina lilitoka kwenye mti wa citong, ndugu wa mbambangoma wetu, wenye maua mekundu.

Mwisho ni daraja la Luoyang, kaskazini-mashariki mwa mji, lililojengwa kati ya 1053 na 1059 chini ya gavana Cai Xiang. Ratiba ya siku nzima ipangwe kwa kuangalia maji. Ukifika maji yamejaa utaona njia ya mawe juu ya bahari. Ukifika yamekupwa utaona kazi yenyewe: nguzo zilizochongoka kama omo la jahazi ili zipasue mkondo, na chini yake mawe yaliyotandazwa kwenye tope kisha yakapandikizwa chaza, ambao kwa kukua kwao wameyashikanisha kama saruji. Mihimili ya mawe inasemekana ililetwa juu ya mashua maji yakijaa, ikasubiri maji yakipwa yaiteremshe mahali pake. Mtumie mwongozaji tarehe zako wiki moja kabla, umwambie atazame jedwali la kupwa na kujaa. Ukiweza, chagua siku za bamvua, na uwe darajani saa moja kabla maji hayajafika chini kabisa.