Mwacheni Apige Picha ya Koroboi

Ukitafuta picha za Kisumu mtandaoni utakutana na zile zile. Jua likizama Dunga, kiboko ametoa masikio majini, mvuvi aliyesimama kwenye mtumbwi na uso wake hauonekani, halafu mtoto asiye na viatu juu ya jaa. Tatu za kwanza sina neno nazo. Hiyo ya nne ndiyo imenifanya niandike, kwa sababu kuna binti mmoja hapa mjini, mwanafunzi wa upigaji picha, ambaye amekataa kuipiga, na watu wanamwona kama aliyepotea njia.

Yeye kazi yake ni vitu. Anaokota, anaomba, mara nyingine ananunua kwa bei ya vyuma chakavu, kisha anavipeleka barazani kwao Manyatta, anatandika karatasi ya manila na kuvipiga picha kimoja kimoja. Nimekaa na picha zake jioni nzima. Kuna slipasi ya mguu wa kushoto iliyoshonwa kwa waya pale kanda ilipong'oka, na chini ya kisigino imelika mpaka ikatoboka. Kuna koroboi ya kopo, utambi umebaki kipande, masizi yamepanda upande mmoja tu, nawe ukiangalia unajua upepo wa nyumba ile ulikuwa ukiingilia wapi. Kuna gorogoro, kopo la kupimia nafaka, ambayo kitako chake kimebonyezwa kuingia ndani. Yeyote aliyewahi kununua mahindi sokoni huku kwetu hahitaji kuelezwa kitako kile kilibonyezwa kwa nini, na ni nani aliyerudi nyumbani na unga pungufu.

Halafu kuna mgongo wa mbuta, yaani sangara, na hapo ndipo mimi nilipomwamini.

Mbuta si samaki wa asili wa ziwa letu la Victoria. Aliingizwa miaka ya 1950, akala wenzake, akanenepa, kisha vikaja viwanda vya kumkata minofu na kuisafirisha ng'ambo. Kilichobaki mlangoni mwa kiwanda ni kichwa, uti wa mgongo na mkia. Akina mama wa mtaa wa Obunga waliyanunua mabaki hayo, wakayaanika, wakayakaanga kwenye makarai makubwa, na leo hakuna mtu wa Kisumu asiyejua mgongo wazi. Binti huyu aliuchukua mmoja kabla haujaingia kwenye mafuta, akaulaza juu ya karatasi nyeupe, mwanga ukitoka ubavuni. Kila mwiba una kivuli chake. Karibu na shingo kuna utepe mwembamba wa nyama ambao kisu cha kiwandani kiliusahau. Ukiusogelea ule utepe unaona biashara nzima ya samaki: nani anakula nini, kisu kinapita wapi, na chembe iliyobaki inalipa karo ya shule ya nani. Hakuna sura ya mama yeyote kwenye picha ile, lakini hakuna mama wa Obunga atakayeitazama asijione.

Mwalimu wake mmoja alipoletewa picha hizo alimwuliza, "Watu wako wapi?" Kisha akamshauri aende jaani akatafute nyuso, maana picha bila uso haigusi moyo.

Sikubaliani na ushauri huo hata kidogo, na nitasema kwa nini.

Watu wa huku tumepigwa picha za dhiki kupita kiasi. Walikuja wageni wa mashirika, wakaja watalii, siku hizi tunakuja sisi wenyewe na simu zetu. Jaa la Kachok lilikaa miaka mingi karibu na Uwanja wa Moi, machoni pa kila apitaye, na waliokuwa wakichambua taka pale walipigwa picha na watu ambao hata jina hawakuuliza. Mtoto aliyepigwa picha akiwa na miaka minane atakuwa kijana wa miaka ishirini, ataomba kazi, ataposa, na ile picha itaendelea kuzunguka akiwa na kamasi na shati lililochanika. Nani alimwuliza? Mama yake alipewa nini, zaidi ya kuambiwa asante?

Sheria nayo imeanza kuamka. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwaka 2023 shule moja nchini ilitozwa faini ya mamilioni kwa kutoa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Lakini mimi sisemi habari ya faini. Nasema habari ya adabu. Ukiingia nyumba ya mtu ukamkuta anakula ugali kwa chumvi, hupigi kelele ukawaita majirani waje watazame. Unasalimu, unaketi, unazungumza mengine.

Slipasi iliyotupwa haioni haya. Itakuambia umbali ambao mwenyewe alitembea, uzito alioubeba, na kwamba alipokosa pesa ya kununua nyingine alitafuta waya akashona. Hayo yote bila kumsimamisha mtu juani na kumwambia aangalie kamera kwa huzuni. Tena katika ule waya kuna akili na mkono wa mtu, wala si dhiki peke yake. Picha ya uso wa mtoto jaani inaniambia "mhurumie". Picha ya waya uliopita kwenye kanda mara tatu ukafungwa kwa fundo safi inaniambia "huyu anajua kazi". Nikiulizwa ipi inaheshimu mtu wa mitaa yetu kama Nyalenda, sina haja ya kufikiri mara mbili.

Wanaosema kazi hii ni ya kivivu, eti kitu kimelala tu na mpigaji anabonyeza, hawajawahi kukaa naye asubuhi. Kisumu iko karibu sana na mstari wa ikweta, ambao unapita pale Maseno tu, mwendo mfupi wa gari. Maana yake ni kwamba jua letu halipandi polepole. Linatoka karibu na saa kumi na mbili na nusu, na kufika saa tatu limeshakuwa kali. Saa sita kivuli kinaingia chini ya kitu na kupotea, na kopo lenye historia ndefu linageuka bati tupu. Kwa hiyo anaamka na giza. Anapata kama saa moja hivi ya mwanga unaolala, ule unaoingia kwenye kila mkunjo na kila tundu la kutu. Upande wa pili anasimamisha kipande cha karatasi ya fedha alichokitoa kwenye pakiti ili kivuli kisiwe cheusi mno. Kamera ni ya chuo, ya kuazima kwa zamu. Isipokuwa zamu yake anatumia simu, na stendi yake ni ndoo iliyojaa mchanga. Mvua ikinyesha hapigi, anasafisha lenzi na kungoja. Sijaona uvivu hapo.

Wala hajabuni wazimu mpya. Mwaka 1930 huko California, Edward Weston alichukua pilipili hoho ya kawaida, akaiweka ndani ya faneli ya bati ili mwanga uizunguke, na picha ile ikawa miongoni mwa picha zinazojulikana zaidi duniani. Irving Penn, aliyepata jina kwa picha za mitindo, mwaka 1972 alianza kupiga picha vipande vya sigara vilivyookotwa kwenye barabara za New York, akavichapisha kwa platini, njia ya gharama kubwa, na mwaka 1975 vikaning'inizwa katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la mji huo. Hapa kwetu Cyrus Kabiru wa Nairobi anaunda miwani kwa nyaya, vizibo na vyuma vilivyotupwa, anaivaa na kujipiga picha. Thandiwe Muriu naye huwavisha wanawake anaowapiga picha miwani iliyotengenezwa kwa vifaa vya kawaida vya nyumbani, na picha zake zimezunguka dunia. Wakenya hao wawili wametambuliwa huko nje. Ningependa mara hii tumtambue mtu wetu akiwa bado mwanafunzi, akiwa bado anapanda matatu ya Kondele pamoja nasi.

Baba yake, ambaye ninamheshimu, aliniuliza swali ambalo kila mzazi angeuliza: "Sasa hii itamlisha?" Harusi zinalisha, alisema, mahafali yanalisha, na picha za pasipoti zinalisha kila siku. Ni kweli. Nilimjibu hivi: mzee wangu, tembea mjini uone nani anauza bila picha. Anayeuza viatu vya mitumba kutoka soko la Kibuye anaviweka kwenye simu kwanza ndipo mteja aje. Vivyo hivyo muuza asali, fundi wa viti vya magugu maji, mama wa mikoba ya kusuka. Nyingi ya picha hizo ni mbaya, kiatu kinaonekana kama kimetolewa mtaroni na asali kama mafuta ya gari. Binti anayeweza kufanya kopo la kutu likakusimamisha dakika nzima hatashindwa na chupa ya asali. Mzee alinyamaza. Sijui kama nilimridhisha, ila kamera hajamnyang'anya.

Pamoja na hayo yote, kuna jambo ambalo mimi na msanii wetu hatujakubaliana. Picha zake hazina maelezo. Anasema picha ijisemee. Mimi nasema hapana, si hizi. Nenda Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, uone vyungu, vigoda na mitego ya samaki iliyowekwa pale. Vyote hivyo vilikuwa vyombo vya kila siku, vya jikoni na vya ufukweni, na siku moja kuna mtu aliyeona haya kuvitupa. Faida ya kuvitazama leo ni kwamba pembeni kuna maandishi: kilitumiwa na nani, kwa kazi gani, kilitengenezwa vipi. Koroboi inakwenda njia hiyo hiyo. Taa za sola na umeme vimeingia vijijini, na mtoto anayezaliwa Siaya au Vihiga leo huenda asijue harufu ya mafuta ya taa kwenye daftari la hesabu. Miaka thelathini ijayo picha ile bila maelezo itakuwa kopo lenye masizi. Andika: koroboi, imetoka kwa bibi fulani ukiwa na ruhusa yake, Bondo, ilisomesha watoto wake wote, imeachwa alipopata taa ya sola. Mistari miwili inatosha.

Tena maelezo yanamlazimu mpigaji picha kuuliza. Hili nalisisitiza kwa wanafunzi wengine watakaomfuata, maana nimeanza kuwaona Kibuye na simu zao wakipiga picha marundo ya vyuma kama vile havina mwenyewe. Vina mwenyewe. Rundo lile limekusanywa kwa mkokoteni, limepimwa kwa kilo, limelipiwa. Serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu mwanzoni mwa 2022, baada ya nguzo za umeme kuharibiwa, watu hawa walikaa miezi bila kipato, na tangu hapo wakiona kamera wanajiuliza nani amekutuma. Salimu kwanza. Mwambie mzee wa pale unataka nini, na ukichukua kitu, kilipie. Anayekuuzia chemchemi ya godoro kuukuu anajua ilikotoka kuliko utakavyojua wewe kwa kuikodolea macho, na atakusimulia ukimpa nafasi.

Chuo kimempa nafasi ya kuonyesha kazi yake ukumbini mwishoni mwa muhula, siku ya kazi, mchana, watazamaji wakiwa walimu na wanafunzi wenzake. Ni vizuri, aende. Lakini kazi hii ninataka kuiona Kibuye, siku ya Jumapili, soko linapofurika hadi barabarani. Wauza mitumba wana kamba na vibanio tayari. Picha zichapishwe kubwa pale studio za barabara ya Oginga Odinga, zitiwe plastiki kwa ajili ya mvua, zitundikwe kati ya makoti na mapazia, zikiwa na maelezo kwa Kiswahili na Kidholuo. Aje mama aliyeuza gorogoro aione gorogoro. Waje mafundi wa jua kali wanaokata mapipa kuwa majiko wabishane kama ile koroboi ilichomelewa vizuri au la. Mabishano hayo ndiyo ukosoaji wa sanaa ninaouthamini, kwa sababu wanaobishana wanajua bati.

Nimezungumza na muuza makoti mmoja mwenye nafasi nzuri karibu na lango. Kamba ametoa bure kwa Jumapili moja. Sharti lake ni kwamba pasi yake ya makaa, ile ya mamake, ipigwe picha na iwe ya kwanza kwenye mstari, na binti ameshaenda kuichukua.