Tenga saa za wateja kwanza, mradi uje baadaye

Kampuni nyingi ndogo za programu hapa Dar es Salaam hujenga mifumo mipya huku zikihudumia ile iliyokwisha kukabidhiwa, na kazi zote mbili zinafanywa na watu walewale. Ndiyo maana swali langu la kwanza kuhusu programu yoyote ya kupangia kazi ni hili: je, inaonyesha miradi na tiketi za wateja (maombi yao ya msaada) pamoja, chini ya jina la mfanyakazi mmoja, katika wiki moja? Kama haionyeshi, siitaki.

Programu nyingi za aina hiyo zimerithi chati ya ratiba ya mhandisi wa Marekani, Henry Gantt, ya mwanzoni mwa karne ya 20. Microsoft Project, iliyotoka mwaka 1984, bado inaitegemea. Chati hiyo inataka kila kazi iwe na tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Lakini mteja wa mfumo wa uhasibu hupiga simu pale anapokwama, na simu huongezeka kila tarehe 20 inapokaribia, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani (taarifa za kodi) za VAT. Fundi aliyejaziwa saa zake zote kwenye mradi amekwisha kucheleweshwa kabla wiki haijaanza.

Mwanahisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, alichapisha hesabu za simu na foleni zake tangu 1909. Chukua foleni rahisi ya fundi mmoja, ambapo tiketi moja humchukua saa moja kwa wastani. Akiwa na shughuli asilimia 80 ya muda wake, tiketi husubiri saa 4 kabla ya kuguswa. Kwenye asilimia 90 itasubiri saa 9, na kwenye asilimia 95 saa 19! Ule muda ambao bosi anauona ni uvivu ndio unaomwezesha mteja kujibiwa leo.

Katika programu za kupangia kazi, Jira ni bure kwa timu isiyozidi watu 10, lakini akiingia wa 11 mnalipia watu wote. Redmine haina malipo, mnaiweka kwenye seva yenu na inarekodi saa zilizotumika, ingawa kuona mzigo wa kila mtu kunahitaji programu-jalizi, yaani nyongeza inayowekwa juu yake. Kwa timu ya watu watano ningeanza na Redmine: kila mtu aandike saa zake kwa miezi mitatu, mwezi hadi mwezi tuone simu za ritani zinakula saa kiasi gani, ndipo tuzungumze habari ya kununua. Na saa hizo zisitumike kumkaripia mtu hata mara moja, kwa sababu kuanzia siku hiyo watu wataandika zile za kumfurahisha bosi.