Mimi naiweka ya 1983 juu ya zote

Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, tulikaa Jaws Corner, kona ya kahawa ya Mji Mkongwe, Unguja, mpaka karibu na daku tukibishana kuhusu Star Wars, zile filamu za vita vya nyota. Mahali penyewe panafaa kwa ubishi wa aina hiyo. Kona ile imebeba jina la filamu ya papa iliyotoka 1975, na wanaokunywa kahawa pale wamezoea kuvutana kwa siasa na mpira, kisha wakaagana kwa mkono. Usiku ule mwenzetu mmoja alitoa karatasi, akaandika filamu 11 zilizotoka kati ya 1977 na 2019, tisa za ukoo wa Skywalker, ukoo wa shujaa Luke, na mbili za pembeni (ya katuni tuliiacha), akataka kila mtu azipange, nzuri juu, mbovu chini. Karatasi ikazunguka pamoja na vikombe. Iliporudi, kati ya watu tisa tuliokuwapo, saba walikuwa wameweka juu The Empire Strikes Back ya 1980.

Kijana mmoja wa Jang'ombe aliweka ile ya 2005. Mimi peke yangu niliweka Return of the Jedi ya 1983. Nikaambiwa nimefuata moyo, akili nimeiacha nyumbani. Usiku ulikuwa umeshakwenda, kila mtu anawaza daku, sikupata nafasi ya kujibu. Jibu langu ni hili.

Hoja ya wale saba naijua na naiheshimu. Irvin Kershner, mwongozaji wa ile ya 1980, aliwapa waigizaji wake nafasi ya kupumua, na mashujaa wanapigwa tangu mwanzo hadi mwisho: wanatimuliwa kwenye theluji, rafiki yao anagandishwa akiwa hai, Luke anakatwa mkono. Halafu inakuja siri, nayo ilitunzwa kama amana. Siku ya kupiga picha, David Prowse, aliyekuwa ndani ya mavazi meusi ya yule adui mkuu Darth Vader, alipewa maneno mengine ayaseme, kwamba Obi-Wan, mwalimu wa Luke, ndiye aliyemuua baba yake Luke. Mark Hamill, aliyemwigiza Luke, aliambiwa ukweli muda mfupi tu kabla ya kamera kuanza kuzunguka. Maneno yenyewe, kwamba Vader ndiye baba wa Luke, yaliingizwa baadaye kwa sauti ya James Earl Jones.

Nilipowauliza wale saba kwa nini wanaipenda, kila mmoja alianzia hapo hapo. Mmoja alisimulia alivyoruka kutoka kwenye mkeka. Mwengine alisema hakulala. Basi swali langu likawa: mshituko ule ukiondolewa, kinabaki nini? Naamini nina haki ya kulijibu, kwa sababu mimi mshituko ule sikuupata.

Nimekulia Chake Chake. Miaka ya tisini Pemba ilikuwa bado inawashwa kwa majenereta. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tuliupata 2010. Umeme ukija unajua utaondoka, saa tu ndiyo huijui. Ami yangu alikuwa na deki, na kanda zilikuja na jamaa waliokuwa wakienda na kurudi Maskati, kwa hiyo zilikuwa na maandishi ya Kiarabu chini. Kiingereza chetu cha skuli hakikufika mbali. Kiarabu tulijua kukisoma, tulifundishwa chuo cha Kurani, lakini maana tuliipata neno hapa na neno pale.

Kanda ya 1980 tuliiona usiku wa kuamkia Ijumaa, watoto zaidi ya kumi juu ya mkeka mmoja, wakubwa wamekaa nyuma. Luke amekatwa mkono, amejikunyata mwisho wa daraja, chini yake shimo lisilo na mwisho. Vader amemnyooshea mkono, anasema naye. Giza. Ami akasubiri, nasi tukasubiri mpaka tukalala palepale. Asubuhi mwenye kanda akaja kuichukua, anasafiri na boti ya Unguja. Binamu yangu mkubwa, aliyesema ameiona yote mjini, akatuambia Luke alianguka shimoni akafa. Nikaamini. Karibu mwaka mzima kwangu mimi Luke alikuwa marehemu.

Kisha ikaja kanda ya 1983. Luke yu hai, kavaa nguo nyeusi, mkono anao. Sikuelewa kitu. Nikaanza kuyafukuza yale maandishi nikitafuta neno ninalolijua. Yanapita mbio, tena hayana irabu, na mimi nilizoea msahafu wenye irabu zote. Lakini neno moja likawa linarudi: alifu, be, ye. Abi. Baba yangu. Mara ya kwanza nilidhani nimesoma vibaya. Mwishoni, Kaizari, bwana wa Vader, anapomchoma Luke kwa umeme unaotoka vidoleni, na Luke anagaagaa chini akimlilia yule aliyevaa nyeusi, neno likatokea tena na alama ya mshangao pembeni yake. Nikapiga kelele: baba yake! Ni baba yake! Wakubwa wakaniambia ninyamaze.

Na yule baba naye alikuwa kanyamaza. Hapo ndipo pa kuangalia. Vader anamtazama mwanawe. Anamtazama Kaizari. Anamtazama mwanawe tena. Uso wake ni chuma tupu, haukunji wala haulegei, hana neno hata moja, na bado sote kwenye ule mkeka tulijua anawaza nini. Halafu anamnyanyua bwana wake kwa mikono miwili, mmoja umekatwa, anamtupa shimoni. Mtoto wa Pemba asiyejua Kiingereza alielewa kila kitu kwa ukimya ule na muziki wa John Williams.

Mwaka 2011, filamu ilipotolewa upya kwenye diski za Blu-ray, wakamtia maneno mdomoni. Sasa Vader anasema hapana, kisha anapiga ukelele wa hapana. Sijui lugha ya kulieleza hili kwa upole. Ni kosa kubwa, na linaniuma kila nikiiona nakala ile. Walichukua ukimya uliokuwa unasema yote wakaufunika kwa neno ambalo halikuhitajika. Mwenye kanda ya zamani na aitunze.

Nirudi kwenye hoja. Filamu ya 1980 inatoa habari kwamba fulani ni baba wa fulani. Kila mtu mzima hapa visiwani anajua habari ya namna hiyo ikishatoka ndipo mambo yanapoanza. Baba ameshajulikana, na ni dhalimu. Mwana afanye nini? Walimu wake wawili, Obi-Wan na Yoda, wanamwona Vader kama mtu aliyekwisha, na wanamtaka Luke akapambane naye. Kaizari naye anataka apambane naye, amuue, akae mahali pake. Wema na waovu wote wanamsukuma upande mmoja. Luke anakataa. Kwetu mtoto analelewa juu ya neno radhi, anafundishwa kwamba mzazi hata akipotea haachwi njiani, na mimi sijaona filamu ya kigeni iliyolishika jambo hilo kwa mkono imara kama hii. Luke anampiga baba yake kwa hasira mpaka anamkata mkono, anaona nyaya zinatoa moshi, anautazama mkono wake mwenyewe ambao nao ni wa mashine. Kisha anautupa upanga. Anasema yeye ni Jedi, mmoja wa wale mashujaa wa upanga, kama alivyokuwa baba yake kabla yake. Fikiria maneno hayo yanasemwa mbele ya nani: mbele ya bwana aliyemtumikisha baba yule miaka mingi. Mwana anamrudishia baba heshima hadharani, kabla baba hajafanya lolote la kuistahili.

Jina la filamu lenyewe lilipita njia hiyo. Kabla ya kutoka iliitwa kisasi cha Jedi, mabango yakachapwa, kionjo kikaonyeshwa kwenye kumbi. George Lucas, mwenye hadithi hii, akabadilisha, kwa sababu Jedi halipizi kisasi. Ikawa kurejea. Na anayerejea, ukiitazama vizuri, si mmoja.

Nawaomba pia wale saba wafikirie Vader wa 1983 alivyotengenezwa. Mwili ni wa Prowse, sauti ni ya Jones, na penye mapigano ya upanga ni Bob Anderson, aliyewahi kuichezea Uingereza mchezo wa vitara katika Olimpiki ya 1952. Kofia inapovuliwa, uso ni wa mzee Sebastian Shaw. Watu wanne wanabeba roho moja, na ule uso wa Shaw, mweupe, mnene, wenye macho ya upole, ndio unaotuonyesha kwamba miaka yote ile ndani ya chuma kulikuwa na mzee mgonjwa anayetaka kumwona mwanawe kwa macho yake mwenyewe. Mwaka 2004 wakaondoa mzimu wa Shaw mwisho wa filamu wakamweka kijana Hayden Christensen, aliyemwigiza Vader wa ujanani. Hilo nalo silikubali. Aliyetubu alikuwa mzee.

Sasa wale dubu wadogo wa msituni, Ewok, wanaopigana upande wa akina Luke, maana najua ndilo jiwe mtakalonirushia. Nakubali kwamba mara nyingine wanaonekana kama vidoli vya dukani, na ngoma yao ni ndefu. Lakini Lucas ameeleza waziwazi kwamba alikuwa akiifikiria Vietnam, watu wachache wenye silaha za miti na mawe wakilishinda jeshi lenye mitambo mikubwa. Mimi nikiyaona yale magogo yanaangushwa juu ya mashine za chuma, sioni utoto. Naona wenyeji wanaoujua msitu wao na askari wasioujua.

Na kuna jambo moja kwenye filamu hii ambalo mtu wa Afrika Mashariki hafai kulipita. Lando, mwenzao Luke, anapoiongoza ile meli ya angani kwenda kuilipua sayari ya chuma, pembeni yake amekaa rubani mwenye mashavu makubwa na macho meusi, anazungumza lugha ngeni na kucheka. Sauti ile ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani, na lugha ni Kikuyu. Kwa hiyo 1983, wakati sehemu kubwa ya dunia inasikia makelele ya viumbe wa nyota za mbali, alikuwapo Nairobi mtu aliyekaa kitini akaelewa. Nilipolijua hili nilirudi kuangalia tena na tena, nikasikia sauti za kibantu zilizo jirani kabisa na zetu.

Ya 1980 nilikuja kuiona yote nikiwa nimeshaanza kazi Unguja. Nilikuwa najua kila kitakachosemwa kwenye lile daraja, na bado ni filamu nzuri sana. Kinamasi cha Yoda, mapenzi ya Han na Leia, marafiki wa Luke, yanayokua kwa maneno makali, ile rangi ya chungwa kwenye chumba cha kugandishia. Naiweka ya pili, na sioni aibu kuitetea mbele ya yeyote. Ila inaishia njiani. Inafungua kidonda na kukiacha wazi, na sisi tunaipa taji kwa ajili ya kukifungua, wakati iliyofanya kazi ngumu ya kukifunga tunaiita ya watoto.

Ya 1977 ni ya tatu, na sina la kuongeza juu ya kitu kilichoanzisha yote. Rogue One ya 2016, moja ya zile mbili za pembeni, inafuata. Kijana wa Jang'ombe na ile 2005 yake namwelewa kuliko anavyodhani: yeye alikuwa mtoto wakati zile za 1999 hadi 2005 zinatoka, na alimwona Vader, yule baba, akianguka kwenye uovu kabla hajamwona akisimama. Ukianza kwa mpango huo, 2005 inakata roho. Lakini maanguko yale yana uzito kwa sababu tunajua 1983 ipo mbele inamsubiri. Ya 2015 inanipa furaha ya kumsikia Lupita Nyong'o, na ya kumwona John Boyega akivua kofia ya askari mweupe na uso wa binadamu ukatokea, ingawa filamu zilizofuata zilimwacha yule mtu bila la maana la kufanya. Juu ya ile ya 2017 watu wameshagombana vya kutosha. Iko katikati, nzuri kwa macho.

Chini kabisa nimeweka ya 2019, na wale saba walishangaa, kwa sababu wao wameweka ile ya 2002 yenye mahaba kwenye majani. Sababu yangu inatoka palepale kwenye mkeka wa ami. Katika filamu ya 2019 Kaizari yu hai. Hatuelezwi vizuri vipi. Mhusika mmoja anasema tu kwamba kwa namna fulani amerudi. Mtu aliyetupwa shimoni na baba aliyekuwa anakufa kwa ajili ya mwanawe, karudi, na sasa anauawa upya na mwengine. Basi Vader alikufa kwa nini? Luke aliyewasha moto wa maziko peke yake usiku msituni, alikuwa anamzika baba aliyefanya nini? Filamu mbovu naweza kuisamehe, nimeona nyingi na nimezisahau. Hii iliingia kwenye nyumba nyengine ikamnyang'anya mzee yule kitu pekee alichokuwa nacho.