Hawakuomba Vitisho Viishe

Tukisimulia habari za watu walioteswa kwa ajili ya imani, huwa tunawakweza mpaka wanaonekana hawakujua hofu. Madhara yake ni makubwa. Mkristo anayetetemeka kwa sababu ndugu zake wametishia kumfukuza nyumbani anaishia kudhani kwamba imani yake ni ya bandia.

Soma Matendo ya Mitume sura ya 4. Petro na Yohana wamelala mahabusu. Asubuhi wanasimamishwa mbele ya makuhani wakuu Anasi na Kayafa, wanaonywa wasilitaje tena jina la Yesu, kisha wanaachiwa. Wanakwenda moja kwa moja kwa wenzao na wote wanaomba pamoja. Ombi lao hunigusa kila ninapolisoma: wanamtajia Mungu vile vitisho, halafu wanaomba wapewe ujasiri wa kuendelea kulinena neno lake. Hawaombi vitisho viishe. Na mtu haombi kitu alichonacho tele, walikuwa wanaogopa. Petro huyu ndiye aliyemkana Bwana wake majuma machache tu kabla, mbele ya kijakazi, akiota moto uani kwa kuhani mkuu. Sasa amesimama mbele ya makuhani wakuu wale wale na haukani tena ukweli.

Kwa hiyo mimi naamini ujasiri huu huombwa, na huombwa na watu walio pamoja. Mei 1886, usiku wa kuamkia siku ya kuhukumiwa kwa ajili ya imani yao katika jumba la Kabaka (mfalme) Mwanga wa Buganda, Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana watumishi wa jumba hilo, aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wanafunzi wa dini. Mmoja wao alikuwa Kizito, mtoto wa miaka 14 hivi. Wakapelekwa Namugongo, wakakaa wamefungwa siku kadhaa huku kuni zikikusanywa. Hebu fikiri kungoja kule! Tarehe 3 Juni Lwanga alitengwa akachomwa peke yake; wenzake walifungwa ndani ya mikeka ya matete, Wakatoliki na Waanglikana, wakachomwa katika moto mmoja. Sidhani Kizito peke yake angefika pale. Alikuwa na ndugu wa imani kando yake.

Niseme pia jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka: kukimbia hatari si kukana imani. Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake kwamba wakiudhiwa katika mji mmoja wakimbilie mwingine. Sauli, ndiye Paulo, alishushwa usiku ndani ya kapu kwenye ukuta wa Dameski, na hakuna aliyemwita mwoga. Anayemlaumu mama aliyebeba watoto wake akaondoka usiku, ajiulize kwanza yeye alikuwa wapi siku ile.

Maana hapo ndipo wengi wetu tunapokosa. Tunawasifu wanaoteswa, lakini hatuwatembelei. Paulo akiwa kifungoni Roma alitaja kwa uchungu walioachana naye, halafu akamtaja Onesiforo, aliyemtafuta kwa bidii mpaka akampata, wala hakuuonea haya mnyororo wake. Kama unamjua mtu aliyetengwa na jamaa zake, aliyenyimwa kazi au aliyefungwa kwa sababu ya imani yake, mtafute wiki hii. Kaa naye, omba naye, muulize watoto wamekula nini. Ukienda na woga wako, nenda nao hivyo hivyo.