Mambo Bomba, Mjomba: Maneno ya Mtaani Yanavyozeeka

Jioni moja ya sherehe ya familia, mjomba aliyekaribia miaka hamsini na tano alimpokea mpwa wake mlangoni kwa uchangamfu wote: "Vipi mshikaji, mambo bomba?" Kijana alitabasamu, akainamisha kichwa kidogo, akajibu: "Shikamoo, mjomba." Nilikuwa nimeketi karibu nao, na jibu lile halijanitoka akilini. Kijana alielewa kila neno aliloambiwa, na hakukosa adabu hata chembe. Lakini mjomba alikuwa ametumia lugha ya rika ili kufuta pengo la umri lililokuwa kati yao, naye kijana, kwa kurudisha shikamoo, akaliacha pengo palepale lilipokuwa. Salamu ambayo katika ujana wa mjomba ilimtambulisha kuwa mtoto wa mjini, sasa ilimtambulisha kuwa mtu mzima.

Wataalamu wa Kiswahili huyaita maneno ya namna hii misimu, na jina hilo tayari limebeba hukumu: kama kaskazi na kusi, kama msimu wa maembe, maneno haya huja, hutamba, kisha hupita. Hukumu hiyo hutumiwa na wanaoyapinga na hata na baadhi ya wanaoyatetea, nayo ndiyo ninayotaka kuipima hapa, zaidi kwa mifano ya Dar es Salaam, ambako nimekulia, na kidogo kwa mifano ya Kenya.

Wanaoyapinga wana hoja nzito, na si haki kuwachukulia kuwa ni watu wanaowachukia vijana. Nchini Kenya, malalamiko kwamba Sheng, lugha ya mitaani ya vijana, inaingia katika insha za watahiniwa na kuwapunguzia alama yamerudiwa na walimu mwaka baada ya mwaka. Tanzania ina Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, ambalo kazi yake haiwezekani bila kuwapo mpaka fulani kati ya neno sanifu na neno la kijiweni. Lugha inayozungumzwa kutoka Lamu hadi Lubumbashi inahitaji hazina ya maneno ambayo watu wa pande zote mbili watayaelewa kwa namna moja, leo na baada ya miaka thelathini. Mkataba wa upangaji, maelekezo ya dawa na hukumu ya mahakama haviwezi kuandikwa kwa maneno yanayojulikana Manzese, Dar es Salaam, na yasiyojulikana Makunduchi, Unguja. Mwanafunzi ambaye hajajifunza Kiswahili cha namna hiyo atafungiwa milango mingi, na wa kwanza kuumia ni mtoto wa maskini, ambaye hana mahali pengine pa kujifunzia isipokuwa shuleni.

Tatizo ni kwamba hoja hiyo nzuri mara nyingi huambatanishwa na nyingine isiyopatana nayo. Mtu yuleyule husema kwamba misimu ni ya kupuuzwa kwa sababu haidumu, kisha akasema kwamba misimu itaua Kiswahili. Neno linalokufa kabla aliyelibuni hajamaliza shule haliwezi kuiua lugha. Na neno linalodumu hadi likaibadili lugha halistahili tena kuitwa la kupita. Ni lazima achague mojawapo.

Ukweli ni kwamba yapo ya aina zote mbili, na ni vigumu mno kuyatofautisha siku yanapozaliwa. Daladala ni mfano ambao kila mtu anaujua lakini wachache huutafakari. Kama inavyoelezwa na wengi, dala lilikuwa jina la mtaani la sarafu ya shilingi tano, na magari ya abiria ya watu binafsi, yaliyoruhusiwa rasmi jijini mwaka 1983, yalipewa jina kutokana na nauli yake. Leo sarafu hiyo hainunui chochote, na jina dala limekufa pamoja nayo; lakini daladala limo katika kanuni za usafirishaji, katika taarifa za habari na katika vitabu vya shule, na hakuna anayesikia ndani yake harufu ya utundu. Matatu ya Kenya ina historia inayofanana nayo, kwa kuwa jina lake linatokana na nauli ya sarafu tatu za senti kumi. Machinga nalo lilianza kama jina la kijana wa Kusini anayetembeza bidhaa mabegani, likiwa na dharau ndani yake. Sasa limeandikwa juu ya jengo kubwa la biashara pale Ilala. Bodaboda lilizaliwa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, kwenye baiskeli za kuvusha abiria, na leo lipo kila kona ya Afrika Mashariki.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni kwa nini baadhi ya maneno hufa na mengine hubaki. Sababu iliyo wazi zaidi ni kufa kwa kitu chenyewe. Kubipu, yaani kumpigia mtu simu na kukata kabla hajapokea ili akupigie yeye, lilikuwa neno la kila siku wakati dakika moja ya simu ilipokuwa ghali na vocha ikikwanguliwa kwa ukucha au kwa sarafu. Ndani ya neno hilo kulikuwa na adabu nzima: nani anastahili kumbipu nani, mara ngapi, na mwanamume anayembipu mchumba wake anaonekanaje. Vifurushi na ujumbe wa intaneti vilipoingia, adabu ile ikakosa kazi, na neno likaanza kunyauka. Kwa upande mwingine, buku bado ni shilingi elfu moja na jero bado ni mia tano, ingawa noti ya mia tano ilianza kupewa sarafu kuwa mrithi wake mwaka 2014, kwa sababu kiasi hicho bado kinatajwa kila siku dukani na kwenye gari.

Sababu ya pili ni ya ndani zaidi, nayo ndiyo inayonivutia. Yapo maneno yanayokufa ilhali kitu chenyewe kiko hai na kina afya njema. Enzi fulani, mwanamume mwenye fedha aliyegharamia anasa za mwanamke aliitwa buzi, na kazi ya kumla fedha ikaitwa kuchuna. Leo vijana wanasema danga na kudanga. Huko Kenya wanasema sponsa. Uhusiano ni uleule, malalamiko ni yaleyale, hata maadili yanayohubiriwa juu yake hayajabadilika. Kilichobadilika ni kwamba buzi lilishajulikana na wote, likaingia magazetini na katika vinywa vya akina mama wa rika la wazazi, na hivyo likapoteza kazi yake ya kwanza, ambayo ni kuwatenga wanaojua na wasiojua. Ndiyo maana polisi, fedha, pombe na mapenzi ndiyo maeneo yanayobadili maneno kwa kasi kubwa kuliko mengine: ni mambo ambayo kijana hataki mzazi aliye chumba cha pili ayasikie na kuyaelewa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa msela. Neno hili linatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya baharia, na katika miaka ya 1990 lilimaanisha kijana wa mtaani, mjanja, asiyefungwa na mtu. Likachoka. Miaka ya karibuni vijana wa mitandaoni wakaanza kuitana mabaharia, kwa maana ya mwanamume mjanja asiyetia nanga katika bandari moja. Sidhani kama wengi wao walijua kwamba walikuwa wanalirudisha neno la baba zao likiwa limevaa Kiswahili safi. Hapa mtetezi wa lugha sanifu na kijana wa kijiweni wamekutana bila kupanga: neno la kigeni limeondoka, la Kiswahili limekaa mahali pake, na hakuna kikao chochote kilichoamua hivyo.

Siasa nayo huyazeesha maneno haraka. Katika uchaguzi wa Tanzania wa mwaka 2000, wafuasi wa chama cha upinzani cha CUF walijinadi kuwa ngangari, na upande wa polisi ukajibu kwa ngunguri. Ngangari bado linasikika kwa maana ya mtu imara asiyetetereka. Ngunguri limebaki kwa waliokuwa watu wazima wakati ule. Kuupiga mwingi lilikuwa sifa ya mchezaji mpira kabla ya kupelekwa jukwaani kumsifu Rais Samia Suluhu Hassan, na tangu hapo kijana akilitumia hulazimika kufikiri kama ataonekana anasifu mchezo au anapiga kampeni. Neno likishalazimisha hesabu za namna hiyo, wenye nalo huanza kulikimbia.

Lakini si haki kusema kwamba neno likikimbiwa na vijana limekufa. Yule mjomba na wenzake wa rika lake hawajaacha kusema mshikaji. Wamelibeba kutoka kijiweni hadi ofisini, na kutoka ofisini watalibeba hadi kwenye kustaafu. Poa, ambalo pia lilikuwa neno la vijana, limekubaliwa na kila umri, ingawa bado hatumjibu nalo bibi anayetusalimia. Rika huzeeka na maneno yake, na ukisikiliza vizuri barazani unaweza kukadiria mwaka wa kuzaliwa wa msemaji kwa salamu yake tu.

Kwangu mimi, walimu wana haki kuyazuia maneno haya katika insha ya mtihani, na BAKITA haina sababu ya kuyakimbilia yakiwa bado mabichi. Ninachokiona kuwa kosa ni kuyaacha yapite bila kuandikwa. Mwaka 2006 watafiti Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walichapisha katika jarida la Swahili Forum uchunguzi wa Lugha ya Mitaani ya Tanzania pamoja na kamusi yake, na kazi hiyo inaonyesha jambo linalowezekana: neno, maana yake, na mazingira ya matumizi yake. Tangu wakati huo vimepita vizazi kadhaa vya wanafunzi wa sekondari, kila kimoja na maneno yake. Mitandao inayahifadhi maneno mapya kwa wingi, lakini haituelezi yalimaanisha nini kwa aliyeyatamka, wala yalianzia mtaa gani. Kwa maneno ya kabla ya mitandao tunabaki na magazeti ya katuni kama Sani na kumbukumbu za watu. Wanaoweza kutueleza mshikaji lilianza kusikika wapi, na buzi liliwafikia wazazi mwaka gani, wana miaka hamsini na sitini sasa, na wengi wao wanaishi humuhumu mjini.